Salamu Katikati ya Ukurasa wa Ulezi

Kina mama, leo sina mahubiri marefu. Nina mama mmoja tu wa kuwasimulia.

Mama huyu alikuwa mhariri wa kujitolea katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia akaandika. Hakuna anayelipwa. Alianza watoto wakiwa shule ya msingi. Watoto wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki na kurasa: za mito, za magonjwa ya kuku, za nafaka kama mtama na ulezi. Zaidi ya elfu moja, zote akizitunza peke yake. Kila asubuhi akimaliza kufagia anakaa mezani na kompyuta yake kuukuu, anapitia yaliyoandikwa jana. Kizuri anakiacha. Kibaya anabonyeza neno moja, "Tengua", na ukurasa unarudi ulivyokuwa.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Daktari hakumficha: presha ya macho ilikuwa imeshakula jicho moja, na la pili dawa ingelichelewesha tu. Mama akajiuliza, nikiacha, nani atazishika? Akaweka tangazo mle ndani: "Natafuta mtu wa kumfundisha kazi hii. Hata kama ni mgeni kabisa, nitamwelekeza mwenyewe."

Akangoja. Mwaka ukapita, ikawa mitano. Katika sala zake ombi likawa lile lile: Bwana, nipe mtu mmoja. Hebu niwaulize, hamjawahi kuomba kitu mpaka mkaona haya kukirudia?

Binti yake akaja likizo, akamkuta amesogeza uso mpaka karibu kugusa kioo cha kompyuta.

"Mama, hao wenzako wa humo ndani, hata mmoja hawezi kukupokea?"

"Wenzangu gani? Niko peke yangu."

"Basi umewafukuza," binti akasema, akicheka.

"Nimfukuze nani, wewe? Watu wanapenda kusoma, kuandika hawataki. Hebu acha maneno, nisomee historia ya ukurasa wa ulezi. Kuna mtu kabadilisha tarakimu, nataka kujua lini."

Kila ukurasa mle una historia yake: nani aliandika nini, nani alifuta, na kwa sababu gani. Binti akaanza kushuka nayo, akasimama.

"Hapa, miaka minne nyuma, mtu kaongeza kwamba bibi yake alikuwa akiweka ulezi ghalani miaka mingi bila kuliwa na wadudu. Umetengua. Umeandika 'Hakuna chanzo'."

"Ndiyo. Lazima uonyeshe habari imetoka kitabu gani. Bibi ya mtu si chanzo."

"Sawa. Kesho yake karudi. Umetengua tena, umeandika 'Uharibifu'."

"Wapo wa namna hiyo. Wanachomeka maneno ya ovyo katikati ya ukurasa."

"Nikusomee maneno yenyewe?"

"Soma."

Binti akasoma: "Shikamoo mama. Mimi ni mgeni humu, sijui chanzo ni kitu gani. Nimeona tangazo lako. Naomba unielekeze."

Mama akasogeza uso kwenye kioo, akiyatafuta maneno hayo.

"Kaandika siku tatu mfululizo, mama. Kati ya aya ya kupanda na aya ya kuvuna. Na siku zote tatu umeandika 'Uharibifu'."

Wahariri wana ukurasa wao wa pembeni wa kuzungumza. Mgeni angeujuaje? Aliona jina la mama limepita kwenye ulezi, akamsalimia pale pale kwenye ulezi. Na mama hakuwa mkorofi. Aliona sentensi isiyo mahali pake, mkono ukafika kwenye "Tengua" kabla jicho halijafika mwisho wa mstari.

Siku hiyo alimwandikia yule mtu, kwa herufi kubwa ili azione mwenyewe: "MARAHABA. KARIBU. NIPO." Akangoja wiki, akangoja mwezi. Mgeni yule hakuwa ameandika neno lolote tangu siku ile ya tatu, na hakuandika tena. Binti akamaliza likizo, akaondoka.

Sasa sisi. Sisemi makosa yaachwe. Kuhusu chanzo mama alikuwa sahihi, na pilau ikiungua jikoni kwetu imeungua tu. Lakini mara ngapi tumelalamika kwamba kazi za kanisa hili zinafanywa na watu wale wale sita? Yule aliyeanzisha wimbo kabla ya zamu yake tulimkazia macho, hajarudi kwaya. Yule aliyeleta maua wakati wa Kwaresima, madhabahu isipopambwa, tulimtoa nje na ndoo yake, bila hata kumuuliza jina. Tuliona kosa. Mtu hatukumwona. Halafu jioni tunapiga magoti tunamwambia Mungu tumechoka, tuletee watu. Atuletee wangapi, na tuwafanye nini?

Mtu akisalimia mahali pasipofaa, mwitikie kwanza. Mahali utamwonyesha baadaye.

Tutaomba sasa hivi, lakini kabla hatujafumba macho, ninyi mlio mbele geukeni. Wale kina mama wawili walioketi karibu na mlango wanakuja tangu mwezi uliopita. Mimi majina yao siyajui. Nani kati yetu anayajua?