Simba Alivyotaka Kumrithi Nungunungu

Hapo zamani za kale sana, kaeni vizuri watoto, na wewe acha kumfinya mwenzako, wanyama walikuwa wakioana, wakijenga, wakizikana na kugombania mali kama tunavyofanya sisi.

Wakati huo aliishi Mzee Nungunungu. Alikuwa mfupi, mnene, mkali kidogo, lakini mchapakazi hasa. Alikuwa na nyumba nzuri chini ya ardhi, shamba la viazi vitamu, na kisima ambacho hakikukauka hata kiangazi kilipoumaliza mto. Wala hakumnyima mtu maji.

Alipougua na kuona hatapona, aliwaita majirani zake wawili, Kobe na Nguchiro, akatoa wosia mbele yao. Alisema kila kitu ni cha mkewe na wanawe, na Nguchiro ndiye atakayesimamia mirathi. Kisha akafa, maskini, viazi vyake vikiwa bado havijakomaa.

Majirani wakaja kukaa matanga na mjane, Bi Nungunungu. Siku ya kumaliza matanga uji ukapikwa. Hata machozi hayajakauka, kishindo kikasikika nje: ti, ti, ti! Wakaingia uani Simba na Nyati, nyuso zimekunjwa kwa huzuni ya kujitengenezea.

Simba akakalia mkeka mzuri kuliko yote, akauliza kama kuna nyama. Akaambiwa ni uji tu. Akaunywa. Kisha akakohoa, akautangazia msiba mzima kwamba yeye na marehemu walikuwa ndugu wa kuchanjiana, damu yake iliingia kwa yule na ya yule ikaingia kwake, na ndugu ndiye anayerithi. Akaonyesha kovu kwenye kiganja. Kovu lilikuwepo kweli, ila kila mtu alijua ni la mwiba aliochomwa siku alipotaka kumla Nungunungu. Lakini nani angesema? Wewe ungesema?

Nyati naye akadai kuwa yeye ni mjomba. Mjomba kwa upande gani, hakufafanua.

"Shemeji," Bi Nungunungu akamwambia Simba, "mume wangu ameacha wosia. Na hawa wanangu nitawapeleka wapi na jua hili?"

"Wosia wa mdomo huo," akajibu Simba. "Na mdomo wenyewe umeshazikwa."

Mtaniuliza kwa nini Simba hakunyakua tu. Zamani hizo, aliyechukua nyumba ya marehemu bila kukabidhiwa na msimamizi mbele ya watu alisuswa na mbuga nzima. Hasalimiwi, haalikwi, na akifa hazikwi. Hata Simba aliogopa kususwa. Alitaka kuiba, ndiyo, lakini kwa heshima.

Basi Nguchiro akasimama, na hata aliposimama hakuonekana sana. Watu walitarajia abishe. Badala yake akamshukuru Mungu kwamba ndugu wa marehemu wamepatikana. Bi Nungunungu akamtazama kwa jicho baya, na mimi ningekuwa yeye ningemtupia sufuria.

"Ila kuna taratibu, kaka zangu," Nguchiro akaendelea kwa upole. "Mirathi hukabidhiwa siku ya kumaliza matanga, yaani leo. Na kabla ya hapo ndugu wa marehemu hunyoa."

"Hunyoa nini?" akauliza Simba.

"Nywele. Ndugu wa mbali hupunguza. Ndugu wa damu hunyoa zote."

Simba akayashika manyoya yake ya shingoni. Aliyapenda kuliko alivyompenda mama yake. Lakini akakifikiria kile kisima wakati wa kiangazi, wanyama wote wakija kunywa mlangoni kwake, chakula kikijileta chenyewe kwa miguu. Mate yakamdondoka.

"Manyoya huota," akasema. "Ninyoeni."

Akaitwa Panya Buku, kinyozi wa mbuga, ambaye hakuhitaji wembe kwa sababu alikuwa na meno. Kwaru, kwaru, kwaru! Manyoya yakaanguka furushi kwa furushi. Chini yake kikatokea kishingo chembamba kama cha kuku aliyenyonyolewa. Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya, kisha nao wakaziba midomo kwa khanga.

"Sasa mjomba," Nguchiro akasema.

Panya Buku akamkagua Nyati juu na chini, akasema huyu hana nywele za maana. Nguchiro akafikiri kidogo, akaamua kwamba basi kitakatwa chochote kilichoota kichwani, akaomba msumeno.

Nyati akazishika pembe zake kwa miguu yote miwili ya mbele. "Jamani, kwa kweli marehemu nilimjua kwa mbali tu. Nilimsalimia mara moja, na hakuitikia." Akatimua vumbi, tifu, tifu, tifu, na mpaka leo hajaulizia mirathi ya mtu.

Simba akafurahi sana kuona atakula peke yake. Akasimama mlangoni, akaamuru akabidhiwe nyumba.

Nguchiro akamtazama toka kichwani hadi mkiani. "Nikukabidhi wewe kama nani, mama?"

"Mama? Mimi ni Simba!"

"Aliyedai undugu hapa ni Simba dume, mwenye manyoya mengi shingoni. Watu wote walimwona. Wewe una shahidi?"

Simba akamgeukia Kobe. Wote walikuwa wamemwona akinyolewa, na manyoya yenyewe yalikuwa bado yamewaganda miguuni. Lakini wote pia walikuwa wakinywa maji ya kisima kile. Kobe akatoa shingo polepole, akamtazama, akaigeuza upande wa pili, akamtazama tena.

"Sura hii mimi siijui," akasema.

Wakati huo huo wake za Simba walikuwa wakipita njiani. Simba akawaita waje waseme yeye ni nani. Mkubwa wao akamsogelea kwa huruma.

"Pole na msiba, dada. Umetoka mbuga gani?"

Hapo msiba ukaharibika kabisa. Watu walicheka mpaka uji ukamwagika.

"Sawa!" akanguruma Simba. "Nitarudi yakishaota."

"Karibu sana," Nguchiro akasema. "Lakini ukija na manyoya, watu watauliza ni ndugu gani huyu asiyemnyolea marehemu. Asiyenyoa si ndugu, na asiye ndugu harithi."

Simba akakaa chini. Akaanza kuhesabu kwa kucha: nikiwa nayo si ndugu, nikiwa sina si Simba. Akarudia toka mwanzo. Hesabu haikutoka. Mwishowe akaondoka kwa kupitia vichakani, asionekane na mtu.

Nguchiro akamshika mkono Bi Nungunungu, na mbele ya watu wote akamkabidhi nyumba, shamba na kisima, kama marehemu alivyotamka. Mjane akalia tena, safari hii kwa furaha, kisha akawachotea watu wote maji.

Basi wanangu, mali ya marehemu ni ya wale aliowaachia, na mtu hawi ndugu wa marehemu kwa kukipenda kisima chake.