Sikio la Binti wa Vanita

Sogeeni karibu, nina jambo limenishinda kuamua. Kosa ni la Vanita, mke wa fundi saa wa Tanga, na mwenyewe amelikiri mbele ya Mungu: jina la mtoto mmoja aliwaahidi watu watatu.

Mmoja alikuwa na pumzi, mmoja maziwa, mmoja joto.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kike, kimya. Mkunga, Mama Mhina, akamfyonza ute puani, akampulizia kinywani, akapuliza tena. Vanita akalia, "Mama, akipumua tu, jina utampa wewe!" Mtoto akapumua.

Maziwa ya Vanita yakagoma. Jirani yake, Mwanakombo, akamweka mwanawe kando, akamkamulia kichanga tone kwa tone. Vanita akamwambia, "Dada, akishiba, jina ni lako kumpa." Mtoto akashiba.

Bado mwili ulikuwa baridi kama sakafu. Wifi yake, Champaben, akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, akawa analala ameketi. Vanita akamshika miguu: "Wifi, akipata joto, jina ni lako." Na kwa desturi yao, Wahindi wa Gujarati, jina hutolewa na shangazi, dada wa baba. Vanita alilijua hilo tangu mwanzo. Woga ulimsahaulisha.

Siku ya sita watoto wanne walishika pembe za kitambaa cha hariri, wakambembeza kichanga katikati. Hapo ndipo jina hunong'onezwa sikioni, na likishaingia halitoki. Kumbe kila mmoja wa wale wanawake watatu alishamwendea kuhani wa hekalu, kuomba neno la Kisanskriti, lugha ya sala zao.

"Anila," akasema Mama Mhina. "Upepo. Ndio niliomtia."

"Amruta," akasema Mwanakombo. "Asiyekufa. Si mnasimulia wenyewe kwamba bahari ya maziwa ilisukwasukwa, kikatoka kinywaji cha uzima chenye jina hilo? Bila maziwa yangu mngembembeza nani? Na kwetu aliyenyonyesha ni mama."

"Ushma," akasema Champaben. "Joto. Na tangu lini mkunga akawa shangazi?"

"Na tangu lini shangazi akaja mtoto kashalia?" akajibu Mama Mhina.

Watu wakacheka. Mume akamgeukia Vanita. "Sema basi, ulimwahidi nani?"

"Wote. Na kila nilipoahidi, nilikuwa nasema kweli."

Angesema nini zaidi? Pumzi bila maziwa ingekatika. Maziwa yasingeshuka tumboni mwa mtoto aliyepoa. Na joto bila pumzi lingekuwa la kumkumbatia maiti.

Mikono ya watoto imechoka, kitambaa kinashuka. Wanawake watatu wameinama juu ya sikio moja. Wote wanamngoja Vanita ataje mmoja.

Je, ungekuwa wewe, ungemwachia nani sikio lile? Msaidieni, tafadhali. Mimi nimeshindwa.