Pimbi na Ukoga wa Njia ya Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile chui alikuwa na lango la mbao na pimbi alikuwa na jiko lake la mafiga, palikuwa na njia ya mawe juu ya mlima mmoja. Mawe bapa, yamepangwa vizuri, yakatoka langoni kwa Chui, yakateremka, yakateremka, yakapinda kona moja kali juu ya korongo, ndipo yakaishia kwenye majabali walikokaa wanyama wadogo.

Chui alisema ameijenga njia ile kwa ajili ya wageni.

Wageni gani? Kila mtu alijua. Wakati wa kiangazi, mawe yakiwa makavu, Chui alitoka langoni mwake akishuka mbio, pa pa pa pa pa! Hujamaliza kusema "mama" ameshafika majabalini. Ndivyo alivyompata mume wa Pimbi. Asubuhi moja mwanamume katoka kuchuma majani, katoka tu hapo nje, kikasikika kishindo, basi. Hakurudi.

Pimbi akabaki na watoto wawili, Kidoti na mdogo wake Mashavu. Alikuwa mama kijana bado, na tangu siku ile akawa mwoga, mwoga kwelikweli. Jani likianguka anashtuka. Mtoto akikohoa anashtuka. Mtoto asipokohoa anaamka kusikiliza kama anapumua. Na kila alipoogopa, nyayo zake zilitoka jasho, chapa za miguu yake zikabaki juu ya jiwe kama za mtu aliyetoka mtoni.

Majirani walimcheka. "Eti Pimbi, umekanyaga maji wapi mvua haijanyesha?"

"Nimesikia lango la Chui, mashoga zangu."

"Ni upepo huo!"

"Huenda. Lakini mimi naingia ndani na wanangu."

Masika yakaingia. Mvua ikanyesha, ikanyesha, na juu ya njia ya Chui ulikuwapo mkuyu mkubwa uliozuia jua, kwa hiyo mawe hayakukauka hata siku moja. Yakaota ukoga. Kijani kibichi, laini, wa kuteleza kama kamasi.

Asubuhi moja Chui akatoka mbio kama kawaida yake. Pa pa... suruuuu! Puu! Akarudi nyumbani anachechemea, amejiuma ulimi.

Masika yale Chui hakushuka tena. Majabalini watu walilala usingizi. Pimbi aliutazama ukoga ule kila kukicha kama mtu anavyotazama komeo la mlango wake, uko, bado uko, Mungu ausaidie ukue.

Lakini Chui hakukaa na njaa yake akanyamaza. Alikuwa na nyapara wake, Fisi, akamtuma auondoe ukoga. Fisi akamwaga maji mtungi baada ya mtungi, akasugua kwa mchanga, akaimba na nyimbo za kazi. Keshoye ukoga ukawa mnene zaidi. Akamwaga tena maji. Ukazidi. Akaanguka yeye mwenyewe, puu, mkia juu.

"Mwite Pimbi," akasema Chui. "Nimemwona akitembea juu ya ukoga ule kama yuko ukumbini kwake."

Pimbi akaja. Nyayo zinavuja jasho.

"Shikamoo Bwana Chui."

"Marahaba, Bi Pimbi. Watoto hawajambo? Wamenenepa?"

Pimbi akarudi hatua moja nyuma.

"Nataka uniondolee ukoga," Chui akasema. "Njia yangu iwe kavu, niteremke nisalimie majirani. Nimewakumbuka mno."

"Na nikishindwa, Bwana?"

"Ukishindwa nitakuja kwako polepole, kwa kutambaa. Nitachelewa, lakini nitafika."

Wanangu, mnaona alivyobanwa? Akisafisha, Chui atakuja mbio. Asiposafisha, Chui atakuja akitambaa. Na kusafisha alikuwa anajua, hilo ndilo lililomuumiza! Mama yake alimfundisha tangu utotoni, huko majabalini ukoga si mgeni: kata matawi jua lipige, kwangua mpaka jiwe lionekane, paka chokaa, uache pakauke, na maji usimwage hata tone. Alijua yote, na ujuzi wenyewe ulimkaa kooni kama mfupa.

Alirudi nyumbani. Kidoti akamuuliza, "Mama, utausafisha?"

"Nitausafisha."

"Halafu Chui atakuja kama alivyokuja siku ya baba?"

Pimbi akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, akawabana mpaka Mashavu akalalamika kwamba hapumui. "Kalete kinu," akamwambia Kidoti. "Na ule muhogo mkavu, wote."

Wakatwanga. Ti! Ti! Ti! Unga ukatoka mweupe, mwororo, ungeapa ni chokaa. Pimbi akaukoroga kwenye chungu kwa maji ya moto, ukawa uji mwepesi, akajitwika, akapanda nao mlimani.

Fisi alikuwa anamngoja chini ya mkuyu, mikono nyuma, kama wanyapara wote.

"Mimi nimefikiri," akasema. "Huu mkuyu ndio unaozuia jua. Tuukate!"

Lo! Moyo wa Pimbi ukasimama. Fisi yule, ambaye hakupata kufikiri kitu kikawa sawa tangu azaliwe, leo kapata! Na Chui alikuwa pale pale langoni, amesikia.

"Kweli?" Chui akauliza. "Tukikata, ukoga utakufa?"

"Utakufa, Bwana," Pimbi akasema haraka, maneno yanagongana. "Mzee Fisi amesema kweli, ukate tu, ila jua nalo litaingia moja kwa moja mpaka kitandani kwako, saa sita mchana, na wewe saa sita ndiyo unalala, na jua la saa sita linapausha, Bwana, nguo linapausha, ngozi linapausha, hayo madoa yako mazuri sijui yatabaki mangapi. Chui asiye na madoa watu watamwitaje? Mimi sijui. Labda paka."

Chui akautazama mkono wake. Akaugeuza upande wa pili, akautazama tena.

"Fisi!"

"Naam Bwana!"

"Ukigusa mkuyu wangu, nakutoa masikio. Bi Pimbi, dawa nyingine ipo?"

"Ipo chokaa, Bwana. Chokaa huua ukoga, muulize yeyote."

"Nimesikia. Paka chokaa."

Basi Pimbi akapaka. Hakukwangua hata jiwe moja. Alimimina uji wa muhogo juu ya ukoga wenyewe, akautandaza kwa ufagio wa majani, mweupe pee, kutoka langoni mpaka kwenye kona. Chini ya weupe ule ukoga ulikuwa mzima, umefunikwa vizuri, unakunywa uji kama mtoto mchanga.

Mara akasikia nyuma yake: lapu, lapu, lapu.

Akageuka. Fisi yuko chini, analamba jiwe.

"Mbona chokaa hii tamu?" Fisi akasema.

Pimbi akahisi jasho la nyayo limelowesha jiwe lote. Angepiga kelele, angekimbia. Badala yake akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tamu? Mzee Fisi, umesema tamu? Umelamba kiasi gani?"

"Kidogo tu... jiwe moja. Mawili. Kwani vipi?"

"Ole wangu! Chokaa kwanza ni tamu, ndipo inashuka tumboni ikachemke! Una watoto wewe? Umewaaga?"

"Yalaaa!" Fisi akaruka juu. "Nisaidie, Bi Pimbi!"

"Kimbia mtoni ukanywe maji, unywe mpaka tumbo lijae, wala usimwambie Bwana Chui kwamba umekula dawa yake. Utakufa mara mbili."

Fisi akakimbia, gubi gubi gubi, na tangu pale habari za utamu hakuzitaja kwa mtu.

Saa nane mchana ya siku ya pili Chui akaamka, akaja kukagua. Kulikuwa na joto, mvua haijanyesha tangu jana, na ule uji ulikuwa umekauka juu ya mawe, mgumu, wa kukwaruza. Fisi akapiga guu lake, paa! Paa! Halitelezi.

"Kavu, Bwana! Inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe!"

Chui akatembea juu yake hatua chache, akacheka kwa furaha. Wale walikuwa watu wa kukagua njia mchana na kuipita alfajiri. Saa ya Chui kushuka kutafuta kitoweo ilikuwa alfajiri, na alfajiri umande huanguka. Hilo Pimbi alilijua. Mpango wake ulikuwa mwepesi: alfajiri yeye na watoto watakuwa ndani kabisa ya ufa wa jabali, na Chui atashuka peke yake.

"Kesho naifungua njia," Chui akasema. "Lakini Bi Pimbi, desturi ya mlima huu unaijua. Fundi akimaliza kazi, yeye na watu wa nyumbani kwake ndio wanaotangulia. Aliyejenga daraja anavuka na wanawe. Aliyechimba kisima anakunywa na wanawe. Kesho alfajiri, wewe na watoto mtapita mbele, mimi nikiwa langoni. Nikiona hamtelezi, nami nitakuja."

"Watoto, Bwana? Watoto wadogo wale?"

"Kwani kazi yako ina kasoro?"

Pimbi akasema hapana, haina. Angesema nini?

Jioni ile alikaa na wanawe, akawapangusa nyuso zilizokuwa safi. Alitaka kuwaficha, lakini Chui asipowaona njiani asingeshuka mbio, angekuja akitambaa. Akawaambia, "Kesho mtatangulia, mimi nitakuwa nyuma yenu. Mtembee mpaka kwenye kona, mkifika kwenye kona muingie kwenye ufa wa jabali ulio hapo kando. Msisimame. Mmesikia? Msigeuke, msisimame."

"Na tukiogopa?" Mashavu akauliza.

"Ogopeni," mama yake akamwambia. "Ogopeni sana, ila tembeeni."

Kukapambazuka. Umande ulikuwa mzito, majani yanadondosha tone, tone, tone. Uji juu ya mawe ulikuwa umelowa tena, umekuwa ute, na ukoga chini yake ulikuwa umenenepa. Lakini kwa macho njia ilikuwa nyeupe, nzuri, kama iliyotandikwa shuka.

Chui alisimama langoni. Fisi nyuma yake.

Kidoti akatangulia. Mashavu akafuata. Mama yao nyuma, kati yao na Chui, kila jiwe moyo wake unapiga ndu, ndu, ndu. Watoto walikuwa na hofu, na hofu ilitoa jasho nyayoni mwao, jasho lile lile la kunata la mama yao, na nyayo zikashika jiwe. Nyaa, nyaa, nyaa. Hakuna aliyeteleza.

"Hawatelezi!" Chui akanong'ona. "Angalia, hata kale kadogo hakatelezi!"

Akajikunja. Akaruka.

Kidoti alikuwa ameshaingia kwenye ufa. Lakini Mashavu, pale pale kwenye kona, alisikia kishindo akageuka. Akasimama. Akaduwaa, macho makubwa, anamtazama Chui anavyokuja.

Pimbi hakumwita. Alikimbia, akamdaka shingoni kwa meno, akajirusha naye ubavuni mwa jabali, nyayo zote nne zikanata.

Mbio zilimbeba Chui moja kwa moja mpaka kwenye kona, akataka kupinda. Akatoa kucha. Kucha zikakuta uji, chini ya uji zikakuta ukoga. Suruuuuuu! Alipita karibu nao kiasi kwamba sharubu zake zilimgusa Pimbi mgongoni. Pimbi aliuona uso wake, na haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa umeshangaa tu.

Halafu jiwe likaisha chini yake.

Sauti ya chini ya korongo ilichelewa kuja. Puu.

Hakuna aliyeshangilia, wanangu. Wanyama wadogo walitoka majabalini mmoja mmoja, wakachungulia korongoni. Kule juu Fisi aliita, "Bwana? Bwana Chui?" Korongo likamrudishia sauti yake.

Fisi akashuka kwa makalio, polepole. "Lakini Bi Pimbi," akasema, "si ulipaka chokaa?"

"Ulilamba mwenyewe, Mzee Fisi. Ilikuwa na ladha gani?"

Fisi akafikiri. Midomo ikacheza. "Tamu," akasema. "Kama... kama muhogo." Akakaa chini. "Kumbe ningemwambia!"

"Najua."

Fisi akaondoka mlima ule siku hiyo hiyo.

Kiangazi kilipofika, Pimbi akaisafisha njia kweli. Alikata matawi ya mkuyu, jua likapiga mawe. Akakwangua ukoga mpaka jiwe likaonekana, akapaka chokaa isiyolambika, maji hakumwaga hata tone. Ikakauka. Watoto wa majabali yote wakacheza juu yake, na Pimbi akaenda kukaa pale mumewe alipokuwa akichuma majani, akakaa muda mrefu.

Hata leo ukimshika pimbi utakuta nyayo zake zina unyevu. Majirani hawamcheki tena.

Nami naiacha hadithi hapo, juu ya jiwe kavu, na neno lake ni hili: mama anayeogopa kwa ajili ya wanawe msimcheke, maana hofu yake inaona kabla ya macho yenu, na siku ya utelezi ndiyo itakayowashika.