Moto wa Pumba

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, binti mmoja wa bonde la mpunga alipoinama kwenye mdomo wa tanuri na kuyatia moto matofali ya kanisa.

Sikilizeni vizuri habari ya matofali hayo, ndugu zangu, maana hayakuwa ya kuuza. Kijijini pale, ushirika ulipoamua kubomoa kanisa la miti na kujenga la kudumu, kila ukoo ulipewa kipande chake cha ukuta. Ukoo huu upande wa mlango, ukoo ule upande wa madirisha. Baba wa binti huyu, aliyekuwa mchoma matofali, alisimama mbele ya watu wote akaomba ukuta wa nyuma ya madhabahu. Akapewa. Kisha akaugua, akafa, na ukuta haujainuka hata safu moja ya matofali. Mtoto wa kiume hakuacha. Wazee wakamwendea mjane, wakamwuliza, "Mama, nadhiri hii tuigawe kwa wengine?" Kabla mama hajafungua kinywa, binti akajibu, "Ina mwenyewe."

Basi mnaona alichojitwika. Askofu alikuwa anakuja Jumamosi kuweka jiwe la msingi. Matofali yasipokuwa tayari siku hiyo, ukuta wa baba yake unakwenda kwa ukoo mwingine, na marehemu atabaki kukumbukwa kama mtu aliyeahidi tu.

Akachoma kama alivyomwona baba yake akichoma. Bonde lile halichomi kwa magogo, miti ilikwisha zamani. Wanachoma kwa pumba za mpunga, zile zinazotupwa nje ya mashine ya kukoboa. Na pumba, kwa anayezijua, hazina mwali. Ukizitia moto zinafuka, zinageuka nyeusi kwa juu, ukipita kwa mbali unaweza kuapa kwamba zimezimika. Tia mkono sasa, uone. Moto wa pumba huingia ndani polepole, kama maji yanavyonywewa na udongo, na ukishaingia hautoki upesi.

Jumatano akaja mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na nyuma yake akina mama wa kwaya waliokuwa wakitoka mazoezini.

"Binti yangu, moto uko wapi?"

"Uko ndani, Baba Mwenyekiti."

"Ndani wapi? Mimi naona moshi."

Mmoja wa wanakwaya, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, akadakia, "Mzee, mwache. Wifi anafukiza nyuki, kesho atatugawia asali."

Wakacheka. Binti naye akacheka, kicheko cha mtu anayetaka jambo lipite.

"Leo ni Jumatano," mwenyekiti akasema. "Hizo pumba zako zitamaliza kazi lini?"

"Wiki ijayo. Labda katikati."

"Askofu haji wiki ijayo, mwanangu. Leteni mabua."

Nanyi mnayajua mabua ya mahindi. Wakayaleta kwa mizigo, wakayasukuma kwenye midomo ya tanuri. Tangu Jumatatu binti alikuwa hali chakula vizuri. Kila mara alizunguka tanuri, akabandika kiganja kwenye udongo, akamwuliza mama yake, "Unadhani moto unapanda?" Sasa mabua yalipofika mlangoni kwake, hakusema ndiyo. Lakini alisogea pembeni. Ndugu zangu, mara ngapi sisi hatukusema ndiyo, tulisogea tu?

Mwali ukapanda hadi juu ya tanuri. Watu wakaacha mashamba yao kuja kutazama. Kwaya ikaanza wimbo, vigelegele vikapigwa, na mwenyekiti akajipangusa jasho akisema, "Sasa huu ndio moto."

Ijumaa mchana, mwenyekiti na akina mama wa kwaya wakiwapo, wakafungua. Matofali yalikuwa mekundu, yanapendeza machoni. Mama mtu, aliyekuwa amesimama kando muda wote, akaweka mkono kwenye ukuta wa tanuri akasema, "Mbona limepoa?" Hilo peke yake lingetosha kuwashtua, kwa maana tanuri lililoiva hukaa na joto siku nyingi. Joto lililoingia kwa taratibu hutoka kwa taratibu. Lisiloingia, litatoka wapi?

Binti akachukua matofali mawili akayagonganisha. Tofali lililoiva hulia kama kikombe cha bati. Haya yalitoa sauti ya vipande viwili vya muhogo. Akalipiga moja juu ya jiwe, likapasuka. Nje kulikuwa na ngozi nyekundu, nene kama ukucha. Ndani kulikuwa na udongo uleule alioukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, wa kijivu, bado unanuka mto.

Mwenyekiti akamsogelea, akashusha sauti. "Liweke chini hilo."

"Baba, hayajaiva."

"Tutapiga lipu. Nani ataona?"

"Lipu haibebi paa."

"Askofu atakuja kugonga tofali mojamoja?"

"Mvua itagonga."

Mzee akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, tumwelewe. Alikuwa mtu mwenye tarehe. "Unajua unachokikataa? Huu ni ukuta wa baba yako."

"Nakataa kwa sababu ni wa baba yangu."

Mwenyekiti akageuka. "Akina mama, pakieni kwenye mkokoteni."

Binti akaenda akasimama kati ya mkokoteni na tanuri. "Mtanipakia na mimi, basi."

Wakasimama. Yule mwanakwaya mwenye maneno akasema, safari hii bila mzaha, "Wifi, usitutie aibu. Wageni wako njiani."

"Aibu ni yangu. Niachieni."

Ndipo mwenyekiti akauliza swali ambalo lilimchoma binti kuliko moto wowote wa wiki ile. "Kwa neno lipi la Mungu unashindana na wazee wako? Litaje, tulisikie."

Binti alikuwa ameimba kanisani tangu meno ya utoto. Akatafuta. Akapekua ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, akitaka mstari mmoja tu wa kukanyagia. Alichokikuta ni viitikio. Vipande vya viitikio, na hata hivyo alivijua tu pale wengine wanapoanzisha. Akaangalia nusu ya tofali iliyokuwa mkononi mwake.

"Sina neno, Baba," akasema. "Na mimi sijaiva. Lakini haya hayatoki hapa."

Hayakutoka. Watu wakaondoka, na kabla ya jua kuzama kamati ikakaa, ukuta wa madhabahu akapewa mwingine aliyekuwa na matofali tayari.

Sasa mnangoja nini, ndugu zangu? Mnangoja mvua. Mnataka inyeshe usiku uleule, matofali yale ya mabua yayeyuke mbele ya watu wote, na mwenyekiti aje kupiga magoti kwa binti. Tunaipenda mvua ya namna hiyo. Tunaiombea.

Haikunyesha. Jumamosi kulikucha jua jeupe. Askofu akafika, jiwe likawekwa, picha zikapigwa, pilau ikaliwa. Hakuna aliyetumwa kwa yule binti kumwambia kwamba alikuwa na haki. Je, alikuwa na haki hata hivyo? Kila mmoja ajijibu kabla hatujaendelea, kwa sababu anayeikubali kweli siku mvua inaponyesha tu, huyo anaiamini mvua.

Sisi ni watu wa mabua. Tuseme bila kuficha. Tunamleta mhubiri mgeni, tunafunga spika pande nne, tunakesha, tunalia, tunarudi nyumbani tumewaka mpaka nyusi. Jumatatu ukitugusa, tumepoa. Nani aliwahi kujiuliza, kama mama yule, mbona tumepoa? Kisha unakuja msiba, au daktari anakuita chumbani na kufunga mlango, au mwanao anakuuliza kwa nini unaamini, na maisha yanatupiga juu ya jiwe. Tunapasuka, na ndani kuna udongo uleule wa siku tulipobatizwa.

Nabii alilifananisha Neno la Mungu na moto. Sisi tukaelewa mwali. Lakini Neno linalomwivisha mtu ni lile linalokaa naye kama pumba. Ni mstari mmoja ulioutafuna ukipepeta mchele, ukabishana nao njiani, hukuupenda, ukaurudia, ukaushika pale ulipokuchoma. Ni kitabu kizima cha Biblia ulichosoma mpaka mwisho, pamoja na sura zile ambazo hakuna anayezihubiri. Hapana kigelegele hapo. Watapita wakuulize mwali wako uko wapi. Waache waulize. Hatukumwahidi mtu mwali. Watakuambia upige lipu, useme amina kwa sauti, nani ataona? Kataa. Kataa hata kama utapoteza nafasi yako ukutani.

Na wewe uliyejipasua leo ukakuta udongo, usikimbie. Tofali bichi halitupwi. Linarudishwa motoni.

Ndivyo alivyofanya yeye. Asubuhi ile ya Jumamosi, ngoma za mapokezi zikisikika, alikwenda kwenye mashine ya kukoboa, akajaza gunia la pumba, akajitwika. Njia ya kurudi ilikuwa moja tu, nayo ilijaa watu wa sare wenye matawi mikononi. Akapita katikati yao, vumbi la pumba kwenye kope, na gari la askofu likapunguza mwendo kumpisha. Nyumbani akatua gunia, akapanda juu ya tanuri, akaanza kulipangua ili alipange upya, pumba safu kwa safu. Mama yake alisimama chini kumpokea. Mama yule alikuwa na zaburi nyingi kichwani, neno kwa neno, na binti akamwomba amtajie mstari mmoja kwa kila tofali, naye aurudie. Alipokosea, hakulishusha.

"Tena, Mama," alisema, tofali likiwa bado mkononi. "Huo haujaingia."