Zimwi Lililomeza Darasa

Nyamazeni, ngano inakuja. Mwenye usingizi aende akalale.

Palikuwa na mwalimu, hodari wa hesabu na wa bakora. Wanafunzi wake aliwaita "wewe" tu. Siku moja zimwi likaja, likameza darasa zima, akabaki yeye na ubao.

"Mtaje mtoto kwa jina lake, nitamtapika," likasema.

"Wewe wa dirishani!" Hakutoka mtu.

"Wewe mchafu!"

Zimwi likacheka. "Hawa umewafundisha wewe, au jirani yako?"

Ndipo akamkumbuka msichana aliyemletea maji ya kunawa kila asubuhi. "Mwanasiti!"

Mwanasiti akatoka, akawataja wenzake mmoja mmoja, wote wakatoka. Zimwi, tumbo tupu, likammeza mwalimu.

Humo gizani akawasikia wakimlilia: "Mwalimu! Mwalimu!"

"Hiyo ni kazi yake," likasema zimwi. "Jina lake nani?"

Wakaulizana. Hakuna aliyelijua, hakuwahi kuwaambia. Akalitaja mwenyewe mpaka koo likamkauka, lakini sauti ya tumboni haifiki nje.

Jua likashuka. Akasikia nyayo zao zikienda zao nyumbani. Za mwisho zilikuwa za Mwanasiti.

Ngano imeishia hapo; mwenye yake aitoe.