Aliyempa Robi Mbio

Hapo zamani, siku ya tatu baada ya mavuno ya ulezi, ng'ombe wakianza kurudi kutoka malishoni, mwanamke aitwaye Robi alimaliza wa kwanza katika mbio za vilima vitatu. Akapewa kibuyu cha maji. Hakunywa.

Desturi ilimzuia. Mshindi alipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, lakini kabla ya kunywa alipaswa kumtaja mtu mmoja aliyempa mbio, na huyo angepata ndama wa kwanza. Asipotaja mtu mpaka ng'ombe wa mwisho aingie zizini, mtamba angerudishwa kwenye kundi la ukoo. Ng'ombe pekee wa Robi alikuwa amekufa wakati wa kiangazi. Mwanawe, Bhoke, mwenye miaka miwili, alikuwa akinywa uji mtupu.

"Taja, watu tuna njaa," akasema Nyamhanga, mpiga baragumu.

"Nimtaje nani?"

"Mimi!" akadakia wifi ya Robi, Wankuru. "Kule mwanzoni nani alikuambia unakimbia kama kuku aliyefungwa mguu? Watu wakacheka, ukakasirika. Ulipanda kilima cha kwanza ukiwa mbele ya wote."

Ni kweli alikuwa mbele. Ni kweli pia kwamba pale juu pumzi zilimwishia, wanawake saba wakampita.

"Wifi, ulitaka nishinde au ulitaka watu wacheke?"

Wankuru akafikiri. "Yote mawili."

Mwita, mume wa Robi, akajipenyeza mbele. "Acheni utani. Pale kijitoni, chini ya kilima cha kwanza, alikuwa wa nane. Nani alimpigia kelele kwamba mtoto ameanguka kule mbele, hapumui? Aliwapita sita kilima cha pili kizima!"

Ni kweli aliwapita sita. Ni kweli pia kwamba kwa hofu aliteleza kijitoni, na goti lake bado lilikuwa likitoka damu.

"Ulidanganya," akasema Robi.

"Nilidanganya. Ungekimbia vile kwa salamu?"

Watu wakacheka. Robi hakucheka. "Mwita, ulimzika mwanangu kwa mdomo."

"Ili apate maziwa."

Ndipo mama mkwe wa Robi, Gati, akasogea na Bhoke mkononi. "Mimi sikutukana, sikudanganya. Nilisimama kilima cha tatu nikamwinua huyu juu, umwone. Ukamwona mzima. Ukakimbia ukicheka, ukampita yule mmoja aliyebaki."

"Mama, nilipomwona nilisimama."

"Hatua kumi hivi. Ukalia, ukapangusa macho, ukaondoka."

"Lakini Robi humwona mjukuu wako kila siku," akasema Nyamhanga. "Bila ule uongo wa Mwita, kumwona leo kungempa nini?"

"Na bila mimi, uongo wa Mwita ungemfikisha wapi?" akajibu Gati. "Angegeuka kwenda nyumbani kulia msiba!"

Kelele zikapanda. Wengine walisema hasira, wengine hofu, wengine furaha. Robi akaweka mkono kifuani, akajaribu kukumbuka ni ipi iliyokuwa miguuni pale mwishoni. Alikumbuka matusi, akamwona Gati. Alikumbuka kijito, akamsikia Wankuru. Vitu vyote vilikuwa mle, havikukaa kwa foleni.

"Nilipofika hapa," akasema polepole, "sikuwa na hasira, wala hofu, wala furaha. Nilikuwa na kiu."

"Basi ndama apewe kiu!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

"Robi," akasema Nyamhanga, "wamebaki ng'ombe watatu nje."

Wankuru akamtazama. Mwita akatazama chini. Gati akambadilisha Bhoke mkono, na mtoto akanyoosha kidole kwenye kibuyu.

Wakabaki wawili.

Robi akakishika kibuyu kwa mikono miwili.

Waliokuwapo wanakubaliana jambo moja tu: ng'ombe wa mwisho alipofika mlangoni mwa zizi, kibuyu kilikuwa bado kimejaa. Nanyi mnaosikiliza, mlango haujafungwa. Je, nani alistahili ndama?