Bolti Nne za Susu

Palikuwa na tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi mjini Korogwe, Bwana Shekalaghe, ambaye hakuuza bolti ila kwa boksi zima. Siku moja Bi Nuriati aliingia dukani kwake amejitwika susu ya mbao, kitanda cha mtoto mchanga, aliyoiunda mwenyewe, miguu ikiwa imeshikizwa kwa kamba.

"Mjukuu wangu analetwa kesho kutoka hospitali," alisema. "Naomba bolti nne tu."

"Boksi zima, mama, au uende salama."

Bi Nuriati hakubisha. Alichukua bolti moja, akaigeuza kiganjani, akaguna. "Afadhali hata nisizinunue. Hizi mtoto akirusha miguu mara mbili, nati zimeachia."

Wateja waligeuka kusikiliza. Shekalaghe alihisi masikio yakimwaka moto.

"Nati zangu ziachie? Hizi zikishakazwa hazifunguki, mama. Labda ukate kwa msumeno."

"Maneno ya dukani hayo."

Shekalaghe alishika spana, akapiga magoti, akatia bolti nne kwenye miguu ya susu, akazikaza zote mpaka jasho likamtoka. Kisha akaitikisa susu kwa nguvu mbele ya wote. Haikulia hata kidogo.

"Umenishinda, baba," alisema Bi Nuriati kwa upole. "Basi zifungue bolti zako, niende."

Shekalaghe aliinua spana. Akawatazama wateja, ambao watatu kati yao walikuwa wameshakumbatia maboksi ya bolti hizo. Taratibu akaishusha.

"Hazifunguki," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilichelea hivyo hivyo," alisema Bi Nuriati. Akaweka mezani bei ya bolti nne, akajitwika susu yake.